Dundu wa Kandambili: Mwongozo Kamili wa Kufunga Chambo Bandia Kinachofanana na Mdudu Halisi

Kabla hujashika uzi, mtafute dundu mwenyewe. Huku Kigoma huna haja ya kwenda mbali. Mvua za kwanza zikishanyesha, Oktoba au Novemba hivi, washa taa ya barazani saa moja usiku, kaa usubiri. Watakuja wenyewe, watajigonga ukutani na kuanguka chali, miguu ikichezacheza hewani. Chukua mmoja wa urefu wa sentimita moja au zaidi kidogo, mweusi au wa kahawia. Chonga muache, yule mkubwa mwenye pembe anayetoboa michikichi yetu. Anafika sentimita nne, na chambo cha ukubwa huo hakirushiki kwa fimbo nyepesi.

Mtie dundu wako kwenye bakuli la kioo lenye maji. Inua bakuli hadi juu ya macho, mtazame kutokea chini.

Rangi ya mgongo huioni kabisa. Unachokiona ni kivuli cheusi chenye umbo la yai, mwanga umekizunguka pembeni. Unaona tumbo lililozama kidogo, lina pingilipingili na linang'aa kama chupa ya bia. Unaona miguu sita imetawanyika, na pale kila mguu unapobonyeza ngozi ya maji pana kidoa kidogo cha mwanga. Mgongo mkavu uko juu, upande wa pili, ambako samaki hana habari nako.

Mimi somo hilo lilinigharimu ndoana thelathini. Nilianza kufunga vyambo mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapate kuzaliana. Mikono ilikosa kazi. Shemeji yangu anayeishi Kenya, ambako wapo watu wanaokula kwa kufunga nzi bandia wa kuuza Ulaya na Marekani, alikuwa amenionyesha mara moja tu, nami nikajiona fundi. Nikafunga madundu thelathini yenye migongo ya kuvutia: mistari, madoa, kijani kinachometameta. Tumboni hakuna kitu. Mzee mmoja pale Kibirizi, hapahapa Kigoma, alichukua mmoja, akamgeuzageuza kiganjani, akaniuliza, "Mwanangu, huyu umemfungia samaki au umemfungia mkeo atie masikioni?"

Ziwa lilipofunguliwa nikaenda nao ukingoni, chini ya mti ulioinamia maji. Samaki walipanda, wakatazama, wakageuka. Wengine walifika hadi wakatingisha maji kwa pua. Niliporudi nyumbani nikaweka dundu wangu mmoja kwenye lile bakuli. Alikuwa amelala ubavu, kama mlevi, ndoana inaning'inia upande mmoja na mgongo wake wa rangi umetazama ukuta.

Basi mwongozo huu umepangwa hivyo: tumbo, miguu na namna ya kuelea vitachukua nafasi kubwa. Mgongo tutaupa haki yake, lakini mwishoni.

Kwa asiyeujua uvuvi huu, maelezo mafupi. Katika uvuvi wa nzi bandia chambo hakina uzito wa maana. Kinachorushwa ni mshipi mzito maalumu, na chambo kinafuata nyuma. Vyambo vingi huiga wadudu wanaozaliwa majini, lakini dundu yumo katika kundi la wadudu wa nchi kavu, wanaoanguka majini kwa bahati mbaya: panzi, siafu, viwavi na yeye. Wanasayansi wamekwisha kuorodhesha aina za mbawakawa, yaani jamii ya dundu, zipatazo 400,000 duniani, kwa hiyo usiogope kwamba wako hatafanana na yeyote. Hatakosa wa kufanana naye.

VIFAA

Ndoana kwanza, kwa kuwa hapo ndipo wengi tunapoharibu. Tafuta namba 10 hadi 14, na kumbuka kwamba namba ikipanda ndoana inapungua ukubwa. Kwa mwanafunzi namba 12 inatosha. Iwe ya waya mwembamba. Ndoana nyingi za dukani huku zimetengenezwa kwa ajili ya mshipi wa mkono, zina waya mnene unaozamisha chambo. Nilinunua pakiti nzima katika duka moja mjini, nikafika nyumbani nikakuta nusu zina kutu chini ya mafuta. Siku hizi naomba nifungue pakiti palepale kaunta, muuzaji anune asinune.

Mwili unatoka kwenye kandambili. Ile sponji ya kandambili nyepesi ina vitundu vya hewa vilivyozibwa kila kimoja peke yake, ndiyo maana hainywi maji. Sponji ya godoro au ya kuoshea vyombo haifai, itakunywa maji na kuzama. Tafuta nyeusi au ya kahawia. Ufukweni zimejaa, zimeletwa na mawimbi, za mguu mmoja mmoja. Zioshe kwa sabuni, zikaushe. Kabla ya kukata, ibonyeze kwa kidole: ikirudi upesi chukua, ikibaki na shimo imechoka.

Tumbo linatoka kwenye kaseti. Usicheke. Ule mkanda wa kahawia wa kaseti za zamani una upana wa karibu milimita 4, hauloweki, na unang'aa vilevile linavyong'aa tumbo la dundu. Kaseti moja ya muziki itakutosha maisha yako yote na ya wajukuu. Mwanzoni nilitumia uzi wa sufu, ukawa unakunywa maji na kumfanya dundu mzito baada ya mirusho michache.

Miguu: mpira wa tyubu ya baiskeli, ile ile inayokatwa vipande vya kufungia mizigo kwenye keria. Papasi mbili za dundu, zile nywele za kichwani anazopapasia, zinatoka kwenye brashi ya viatu, nywele ngumu nyeusi.

Uzi wa cherehani wa kawaida ni mnene kidogo. Mwombe fundi nguo uzi wa ovaloki mweusi, ni mwembamba na imara. Uzi mwembamba kupita kiasi nao ni adui, unakata sponji kama waya unavyokata sabuni.

Halafu jiliwa dogo, ambalo mafundi wengi wanaliita vaisi. Ukikosa, plaizi ya kujifunga iliyobanwa ukingoni mwa meza inafanya kazi ileile. Ongeza mkasi wenye ncha kali, nyembe mbili, sindano, mrija wa kalamu, kibanio cha nguo, gundi ya majimaji inayokauka haraka, kalamu ya wino usiofutika na rangi ya kucha isiyo na rangi, yaani ile ya kung'arisha tu.

KUKATA SPONJI

Unahitaji utepe wa unene wa milimita 2, upana wa milimita 6, urefu wa sentimita 3 na nusu. Kukata unene sawasawa kwa jicho haiwezekani, nimejaribu. Fanya hivi: kata kipande cha kandambili chenye upana wa sentimita moja, ukilaze mezani. Weka njiti ya kiberiti upande huu na nyingine upande ule. Njiti ina unene wa karibu milimita 2. Sasa laza wembe juu ya njiti zote mbili na uusukume taratibu kama unavyokata mkate, wembe usiache kugusa njiti. Kitakachobaki chini ni utepe wa unene unaoutaka. Kipande kimoja kitakupa tepe tatu au nne, na ya kwanza utaitupa.

Punguza upana hadi milimita 6, kisha chonga mwisho mmoja uwe kama ulimi. Ulimi huo ndio utakaofungwa kwanza, na wembamba wake unazuia kifundo kikubwa nyuma ya dundu.

Kuhusu upana: pima na mwanya wa ndoana, yaani nafasi kati ya uti, ile sehemu yake iliyonyooka, na ncha. Utepe usizidi sana mwanya huo. Ukiwa mpana utaziba ncha, samaki atatafuna sponji na kukuachia.

MSINGI NA TUMBO

Bana ndoana kwenye jiliwa kwa mpindo wake, uti ukiwa umelala sawa na meza. Minya kwanza kile kijino cha nyuma ya ncha kwa plaizi. Ni rahisi kumtoa samaki, na ni rahisi zaidi kuitoa kidoleni mwako.

Anza uzi milimita 2 nyuma ya tundu la ndoana, lile la kufungia mshipi. Nafasi hiyo iache wazi, ni ya kichwa, na kila anayeanza huila halafu hana pa kumalizia. Zungusha uzi ukirudi nyuma, mzunguko ubavuni mwa mwenzake, hadi pale uti unapoanza kupinda. Paka tone dogo la gundi juu ya uzi. Bila tone hilo dundu atazunguka kwenye ndoana kama gurudumu siku ya kwanza tu. Kila unapotaka kupumzika, ning'iniza kibanio cha nguo kwenye uzi. Uzito wake utaufanya ukae umekaza.

Funga ulimi wa sponji hapo kwenye mpindo, sehemu ndefu ikiangalia nyuma, nje ya ndoana. Mizunguko miwili ya kwanza iwe legevu, ya tatu ndiyo uivute. Ukianza kwa nguvu uzi utaukata ulimi.

Palepale funga mwanzo wa mkanda wa kaseti, upande unaong'aa ukiwa nje. Peleka uzi mbele hadi theluthi mbili ya uti. Sasa zungusha mkanda kwenda mbele, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Usiharakishe hapa. Kingo za mkanda ndizo zitakazokupa zile pingili za tumbo, na zikipishana kwa umbali mmoja utaona tumbo la dundu likijitokeza mbele ya macho yako. Ukifika theluthi mbili, ufunge na ukate unaobaki.

MGONGO UNAKUNJWA, HAUVUTWI

Shika utepe wa sponji, ukunje mbele juu ya tumbo, uubane kwa kidole cha shahada pale ulipokomea mkanda. Hapa mazoea yanatudanganya: mkono unataka kuvuta ili pakae vizuri. Usivute. Sponji ikivutwa inakonda na vitundu vyake vya hewa vinabanwa, dundu wako anapungua uwezo wa kuelea. Iache ifanye nundu kidogo. Mizunguko miwili legevu, kisha minne ya kukaza, ukiwa umeshikilia utepe juu kabisa ya uti usije ukateleza ubavuni. Tazama kutokea mbele, kama unavyotazama mtu usoni: nundu iwe katikati. Ikiwa imeinama, fungua urudie. Huyu ndiye mlevi wangu wa kwenye bakuli, hapa ndipo alipoharibikia.

MIGUU

Rudi kwa dundu halisi, mlaze chali. Miguu yote sita inatoka kifuani, hakuna hata mmoja unaotoka tumboni. Watu wengi huitandaza mwili mzima kama ya jongoo. Wewe una theluthi moja tu ya uti iliyobaki, na jozi tatu zinatakiwa zikae hapo.

Kata tyubu vipande vyembamba vya milimita moja, urefu wa sentimita 4. Wembe na rula ya chuma vitakusaidia. Kwenye kila kipande piga mafundo mawili ya kawaida, moja kila upande, yaache umbali wa milimita 10 hivi kati yake. Mafundo hayo ni magoti. Kabla hujalikaza fundo, lilowanishe kwa mate ili mpira usikatike. Mpira uliopigwa fundo hupinda wenyewe pale fundoni, ndiyo maana napenda fundo kuliko mguu ulionyooka, ambao chini ya maji unaonekana kama kijiti.

Weka kipande cha kwanza juu ya kile kiungo ulichokifunga, kikatishe uti kama msalaba, ukifunge kwa mizunguko ya kupishana, mmoja huku mmoja kule. Jozi hii ielekee nyuma. Sogea mbele kidogo tu, funga ya pili, ielekee ubavuni. Kisha ya tatu, ielekee mbele. Ukishamaliza, zungusha uzi kidogo kati ya jozi na jozi kufunika sehemu zilizobaki wazi, na kama mkanda wa kaseti bado unao, mzunguko mmoja chini ya kifua unapendeza.

Kata miguu kwa kipimo: ya nyuma isipite mwisho wa mwili, ya katikati na ya mbele iwe mifupi zaidi. Mirefu hujizungusha hewani na kusokota mshipi. Muhimu kuliko urefu ni ulinganifu. Mguu wa kushoto ukizidi wa kulia kwa milimita tatu, dundu ataegemea.

KIFUA, KICHWA NA FUNDO LA KUMALIZIA

Papasi zifungwe sasa, nywele mbili za brashi, zikitokeza mbele kwa milimita 5. Kwa kweli ni za kumfurahisha mnunuzi. Hukatika mapema, na sijaona samaki aliyezikosa.

Kunja tena sponji iliyobaki kwenda mbele, juu ya miguu, uifunge nyuma kidogo ya tundu. Hivyo mgongo unakuwa na vipande viwili, mbawa ngumu nyuma na kifua mbele, kama alivyo dundu mwenyewe. Kata inayozidi, ukibakiza milimita 2 iwe kichwa. Itengeneze pembe zake kwa mkasi.

Kumalizia, mafundi wana kifaa chao, lakini mrija wa kalamu unatosha. Zungusha uzi mara moja kwenye ncha ya mrija ili ufanye kitanzi, ingiza tundu la ndoana ndani ya mdomo wa mrija, sukuma kitanzi kiteleze hadi kwenye uti, vuta. Rudia mara nne. Kata uzi, weka tone la gundi kwa ncha ya sindano, kisha pitisha sindano kwenye tundu kabla gundi haijakauka. Hakuna kinachoudhi kama kuwa ukingoni jioni, samaki wanaruka, na tundu limezibwa.

Mgeuze sasa, tone jingine la gundi chini ya kifua ambapo miguu imekutana na uti.

MGONGO, KAMA NILIVYOAHIDI

Pasha ncha ya sindano kwenye mshumaa, upitishe mstari mwepesi katikati ya mgongo, kuanzia kiungo hadi nyuma. Sponji itayeyuka kidogo na kuacha mfereji. Huo ndio mwanya kati ya mbawa mbili ngumu. Fanya hivyo nje au dirishani, moshi wake si mzuri. Ukitaka, piga mistari miwili mitatu hafifu kila upande. Pitisha kalamu ya wino pale panapohitaji weusi, kisha rangi ya kucha mara mbili, nyembamba, ya kwanza ikauke kabla ya ya pili. Ikiwa nene inaongeza uzito juu, na dundu mwenye uzito juu hupinduka.

Mwisho gundisha kipande kidogo cha sponji ya rangi ya machungwa juu ya kifua, ukubwa wa punje ya mchele. Ni macho yako hayo. Dundu mweusi kwenye maji ya jioni humwoni, na samaki aliye chini haoni rangi hiyo.

BAKULI

Usimpeleke mtoni kabla ya kumpeleka kwenye bakuli la kioo. Mdondoshe kutoka urefu wa nusu mita, mara kumi. Mara nane au zaidi aangukie tumbo. Kisha mtazame kutokea chini, na kama bado unaye dundu halisi, waweke pamoja.

Akilala ubavu, angalia miguu, halafu nundu ya sponji. Akikaa juu mno, tumbo haligusi maji, punguza sponji pembeni kwa mkasi, kidogo kidogo. Akizama kichwa, umeweka gundi nyingi mbele. Akizama wote, ndoana ni nzito; mhamishie kwenye ndoana nyembamba au mwongezee utepe wa pili chini ya ule wa kwanza. Mwache usiku kucha majini. Wa kandambili nzuri utamkuta asubuhi bado anaelea.

MAJINI

Dundu ni chambo cha kingo. Katikati ya ziwa usihangaike naye: dagaa hula viumbe vidogo mno vinavyoelea majini, na migebuka huwafuata dagaa. Tafuta mahali majani na matawi yanapoinamia maji, mchana wa joto au jioni yenye upepo, wakati wadudu wanapopeperushwa. Midomo ya mito kama Luiche na Malagarasi inavutia, lakini mamba na viboko nao wanaipenda, kwa hiyo simama palipo wazi, mbali na matete, na usiingie majini. Uliza pia kuhusu leseni na miezi ya kufungwa kwa ziwa kabla hujatoka.

Kama huna fimbo na mshipi maalumu, mwanzi mrefu wenye nailoni ya urefu uleule unatosha. Hapo humrushi dundu, unamning'iniza kutoka nyuma ya kichaka na kumwachia aanguke. Tumia nailoni ya milimita 0.20 hadi 0.25 mwishoni.

Mwachie aanguke kwa kishindo kidogo. Kwa chambo kingine kishindo ni kosa, kwa huyu ndiyo kengele ya chakula. Kisha usimguse. Hesabu hadi kumi na tano. Miguu ya mpira itatingishika yenyewe na mawimbi. Kama hakuna kitu, mtikise mara moja, kiasi cha kutetemesha ncha ya mwanzi, utulie tena. Dundu aliyeanguka majini hakimbii, anahangaika palepale.

Samaki akipanda, kosa la kila mtu ni kuvuta akimwona. Subiri afunge mdomo na kugeuka kwenda chini, ndipo uinue mwanzi, taratibu, bila kupapatika.

Ukirudi nyumbani mwoshe kwa maji safi na umkaushe kivulini, jua linakausha tyubu. Miguu ikianza kupasuka au mgongo ukishatafunwa, kata vyote kwa wembe kwa upande wa juu wa uti, uiokoe ndoana. Kandambili nyingine iko ufukweni.